Rangi Mbili Hazimtishi Fangasi

Simama nusu saa mbele ya duka la dawa lolote kati ya Tandika na Mbagala, Dar es Salaam, au vuka mji ukasimame kati ya Mwananyamala na Tegeta, na utaisikia imani yenyewe ikitamkwa kwa sauti. Mteja haelezi mengi. "Dokta, nawashwa huku, nadhani ni fangasi. Nipe rangi mbili." Muuzaji, ambaye hajawahi kuwa dokta ila hajawahi kumkatalia mtu anayemwita hivyo, anahesabu kapsuli za tetra, anazitia kwenye kibahasha, anachora mistari miwili ya kutwa mara ngapi. Akiwa mkarimu anaongeza Flagyl. "Umeze zote, hiyo inakata mdudu wote." Na Mbagala Rangi Tatu nako rangi mbili zinauzwa vivyo hivyo; jina la kituo halijasaidia kitu.

Tusidhani hii ni imani ya wasiosoma. Utaikuta kwa walimu, kwa wahasibu, kwa wazazi wenye bima nzuri ya afya. Mantiki yake ni fupi: fangasi ni mdudu, bakteria ni mdudu, basi dawa ya mdudu ni ya mdudu, isipofanya kazi, tafuta iliyo kali zaidi. Naipinga yote. Sitaki kurudia mahubiri ya kununua dawa bila cheti, kwa sababu yameshahubiriwa na watu wakayasikia na wakaendelea kununua. Hoja yangu iko ndani ya seli ya fangasi mwenyewe, mahali anapotengenezea protini zake. Ukipajua pale, rangi mbili zinakosa utetezi.

Fangasi, au kuvu kama vitabu vya shule vinavyowaita, ni ukoo mkubwa. Hamira ya mandazi imo, uyoga umo, ukungu wa mkate uliosahaulika kabatini umo, na Candida albicans anayewawasha watu sehemu za siri yumo. Wote wanaishi kwa protini: vimeng'enya vya kuvunja sukari, nguzo za kushikilia seli, milango ya kupitishia chumvi. Maelekezo ya kila protini yameandikwa kwenye DNA, ambayo kwa fangasi, kama kwetu, imefungiwa ndani ya kiini. Humo inachapwa nakala ya RNA, vipande visivyohitajika vinakatwa, vilivyobaki vinaungwa, kisha nakala inatolewa nje. Huko nje inadakwa na ribosomu, mashine inayosoma herufi tatutatu na kwa kila tatu kuongeza asidi amino moja kwenye mnyororo. Mnyororo ukikamilika unajikunja. Kama ni protini ya kupelekwa nje ya seli, inaingizwa kwenye vifuko, inabandikwa sukari, inakaguliwa, inasafirishwa. Njia hiyo ya usafirishaji Randy Schekman aliigundua kwa kuchunguza hamira zenye hitilafu, ambazo vifuko vyake vilikuwa vimerundikana ndani ya seli bila kwenda popote. Mwaka 2013 akapewa Nobel pamoja na wenzake wawili. Nobel ya tiba, tafadhali, kwa kazi ya hamira. Maana kilichoonekana kwenye hamira ndicho kilichokutwa kwa binadamu.

Bakteria hana mambo hayo. Hana kiini, na nakala yake huanza kusomwa hata kabla haijamaliza kuchapwa. Ribosomu yake ni ndogo kuliko yetu: kwa E. coli, bakteria anayejulikana kuliko wote, ina protini 54 hivi zilizoshikamana na RNA yake. Ribosomu ya hamira ina protini 79. Ya binadamu ina 80.

Naomba msomaji azitazame namba hizo mara ya pili kabla hatujaendelea, kwa sababu hapo ndipo kesi yote ilipo. Tetrasaiklini, hiyo rangi mbili, inamshinda bakteria kwa kujibana kwenye sehemu ndogo ya ribosomu yake, pale asidi amino mpya inapofikishwa, na mnyororo unakwama. Erithromaisini na azithromaisini zinaziba sehemu kubwa ya ribosomu hiyohiyo, na kloramfenikoli vilevile. Tunaweza kuzimeza bila kufa kwa sababu ribosomu zetu zina umbo jingine. Spea ya bajaji haiingii kwenye Fuso. Sasa kama ni umbo hilo linalokukinga wewe, na fangasi ana umbo karibu lilelile, nani aliyekuambia kwamba yeye ndiye atakayekufa? Anayedai tetra inamaliza fangasi anieleze kwanza kwa nini haijammaliza yeye mwenyewe.

(Mjuzi atanikatiza hapa: ndani ya seli zetu kuna mitokondria, zenye ribosomu za mtindo wa bakteria, na baadhi ya antibayotiki huzigusa. Ni kweli. Fangasi naye anazo. Ametusogeza karibu zaidi, asante.)

Kwa amoksilini habari ni nyingine, na inachekesha zaidi. Amoksilini haigusi ribosomu. Inavuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Ukuta wa fangasi hauna malighafi ile. Umejengwa kwa glukani na kitini, na kitini ndiyo inayofanya ganda la kamba na la mende liwe gumu. Halafu tukumbuke ukoo wa amoksilini. Mama yake ni penisilini, na penisilini ilitoka kwa fangasi: ukungu wa Penicillium ambao Alexander Fleming aliukuta mwaka 1928, London, umevamia sahani yake na kuua bakteria waliouzunguka. Ukungu ule unatengeneza vimeng'enya kwenye ribosomu zake, vimeng'enya vinaunda penisilini, penisilini inawafukuza bakteria. Ni silaha ya fangasi katika ugomvi wake wa zamani na bakteria. Wewe unawashwa na fangasi, unakwenda dukani, unanunua silaha ileile na kumpelekea.

Anayebisha aende maabara, maana huko watu hawabishani na hili. Mtoto aliyeota mapunye kichwani akipelekwa kupimwa, mpimaji hukwangua magamba kidogo, huyaweka kwenye kioo na kuyadondoshea hidroksidi ya potasiamu. Ngozi inalainika na kuyeyuka. Nyuzi za fangasi zinabaki zimenyooka, zinaonekana wazi kwenye hadubini, kwa sababu ya ukuta ule wa kitini. Akitaka kumuotesha fangasi ili amjue jina, anachukua chakula cha Sabouraud, chenye sukari nyingi, na mara nyingi humo huwa kumechanganywa kloramfenikoli. Antibayotiki inatiwa makusudi ili bakteria wasiote na fangasi apate nafasi. Kinachofanywa kwenye sahani ya maabara ndicho anachojifanyia dada wa Tandale anayemeza rangi mbili kwa kuwashwa ukeni. Bakteria wa Lactobacillus, ambao ndio walinzi wa pale, wanauawa; Candida anabaki na uwanja mtupu. Wiki inayofuata anarudi dukani kusema fangasi wamekuwa sugu. Hawakuwa sugu. Walikuwa hawajaguswa.

"Mbona mimi nilimeza nikapona?" Hili swali naliheshimu, kwa sababu anayeliuliza hasemi uongo. Amepona kweli. Ila mara nyingi hakuwa na fangasi. Muwasho na uchafu ukeni unaweza kuletwa na bakteria waliozidi, au na trikomona, na kwa hao Flagyl inafanya kazi yake vizuri; mgonjwa anaondoka na ushindi, na jina la fangasi linaandikwa kwenye ushindi usiokuwa wake. Wengine walipaka krimu iliyochanganywa na steroidi. Steroidi inanyamazisha muwasho siku mbilitatu, wekundu unafifia, na chini ya utulivu huo fangasi anatambaa akizidi kupanuka. Daktari wa ngozi akimwona mgonjwa huyo baadaye anapata tabu hata kumtambua fangasi, maana sura yake imeshafutwa. Doksisaiklini, ya ukoo wa tetra, nayo ina tabia ya kupunguza uvimbe kwa namna yake, mbali na kuua bakteria. Na kuna fangasi wa miguuni wa mlinzi anayevaa buti usiku kucha wakati wa masika: kiangazi kikifika, miguu ikakauka, muwasho unapungua wenyewe. Aliyemeza kidonge mwezi Mei anakisifu mwezi Juni.

Na kama hoja ni kwamba hakuna njia nyingine kwa mtu wa Charambe asiye na muda wa kukaa foleni hospitali, hoja hiyo haisimami. Klotrimazoli, dawa ya fangasi hasa, ipo kwenye rafu ileile, hatua moja kutoka kwenye kopo la tetra.

Mtu makini atauliza: kwa nini basi wasitengeneze dawa inayosimamisha ribosomu ya fangasi, mambo yakaisha? Dawa hiyo ipo tangu miaka ya 1940. Inaitwa sikloheksimidi, hutolewa na bakteria wa udongoni, Streptomyces griseus, na ukiitia kwenye hamira, utengenezaji wa protini unasimama. Ukiitia kwenye seli za panya unasimama pia. Ukimpa mtu, ni sumu. Ndiyo maana imebaki maabara, na ndiyo maana karibu dawa zote tunazozijua za fangasi zinampigia pembeni. Klotrimazoli, flukonazoli na terbinafini zinazuia utengenezaji wa ergosteroli, mafuta ambayo fangasi anayatumia kwenye utando wake pale sisi tunapotumia kolesteroli. Nistatini na amfoterisini zinaing'ang'ania ergosteroli hiyo na kuuharibu utando. Shabaha ni chache, na kazi ni ya polepole. Mapunye ya kichwani yanataka griseofulvini ya kumeza kwa wiki 6 hadi 8, kwa sababu krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele. Mama anayeambiwa wiki nane anaona anadanganywa, anakwenda kwa anayeahidi siku tano. Yule wa wiki nane ndiye mkweli, na urefu wa dozi ni gharama tunayolipa kwa kufanana na adui. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari, Oktoba 2022, liliwataja 19, na Candida albicans yuko kwenye kundi la juu kabisa. Moja ya sababu za hofu hiyo ni huo uchache wa dawa.

Sisemi kwamba fangasi ni sawa na sisi kwa kila kitu. Candida albicans ana ushairi wake: herufi tatu za CUG, ambazo karibu viumbe wote huzisoma kama leusini, yeye huzisoma kama serini mara nyingi, na leusini mara chache. Na ribosomu ya fangasi inahitaji msaidizi wa tatu katika kurefusha mnyororo wa protini, wakati sisi tunatosheka na wawili. Msaidizi huyo amejulikana tangu miaka ya 1970 na wanasayansi wamemtamani kama shabaha tangu hapo, maana ukimpiga yeye humpigi binadamu. Mpaka leo hakuna dawa iliyosajiliwa inayofanya hivyo. Kama miaka yote hiyo ya maabara haijaizaa, kapsuli iliyobuniwa kwa ajili ya bakteria haitaifanya kazi hiyo kwa bahati.

Ufanano wetu na fangasi una upande wa pili ambao watu wa "fangasi ni uchafu" hawapendi kuusikia. Mtoto wa Mbagala anapotimiza wiki 6 anapelekwa kliniki kuchomwa penta, anarudi wiki ya 10 na ya 14. Ndani ya sindano ile kuna kinga ya homa ya ini aina ya B, ambayo Tanzania iliiingiza kwenye chanjo za watoto mwaka 2002 na tangu 2009 imo kwenye penta. Hapo mwanzo chanjo hiyo ilitengenezwa kwa kukamua damu ya watu walioambukizwa na kuichuja protini ya ganda la kirusi. Damu kama hiyo ni ya kuogopa, na haitoshi dunia nzima. Wakajaribu kumtumia bakteria aitengeneze. Protini ikatoka, lakini haikujipanga kuwa chembe kamili. Pablo Valenzuela, William Rutter, Benjamin Hall na wenzao wakachukua maelekezo ya protini hiyo wakayapandikiza kwenye hamira, na mwaka 1982 wakatangaza kwamba hamira imeitengeneza na chembe zimejipanga zenyewe. Mwaka 1986 chanjo ya hamira iliruhusiwa Marekani. Leo kinga ya homa ya ini B iliyomo kwenye penta hutengenezwa na hamira au ndugu zake wa karibu. Insulini ya kampuni ya Novo Nordisk, wale wa Mixtard na Actrapid, nayo inatoka kwenye hamira. Ndiyo, insulini inaweza kutengenezwa na bakteria pia, na kuna wanaofanya hivyo. Lakini bakteria huirundika ndani yake ikiwa imejikunja ovyo, ikabidi ikunjuliwe na kukunjwa upya kiwandani, wakati hamira huipitisha kwenye vifuko vyake na kuitoa nje imeshakaa sawa. Mwaka 2015 watafiti wa Texas walichukua jeni zaidi ya 400 ambazo hamira haiwezi kuishi bila hizo, wakaziondoa moja moja na kuweka za binadamu mahali pake. Kwa karibu nusu ya jeni hizo, hamira iliendelea kuishi kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Lakini mtaani hamira imepewa kesi isiyoihusu. Wauza dawa za asili, na siku hizi wengine wengi wenye simu na sauti nzuri, wanawakataza wanawake mandazi na mkate eti hamira "inalisha fangasi". Hamira hufa kabla hata maji hayajachemka. Ikitoka kwenye karai la mafuta au kwenye tanuri ni maiti iliyobaki na protini na vitamini zake. Tena Saccharomyces cerevisiae wa mandazi siye Candida wa ukeni, kama paka asivyokuwa chui. Na kama hamira hai ingekuwa balaa, togwa ingeshatumaliza zamani. J. K. Mugula wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wao wa togwa ya Tanzania, na humo, pamoja na bakteria wa kuchachusha, walikuta hamira za aina kadhaa, Saccharomyces cerevisiae akiwemo. Bibi zetu waliinywa ikiwa hai, kibuyu kwa kibuyu. Anayesumbuliwa na Candida kila mara akapimwe sukari na VVU kabla hajaanza kuyaogopa maandazi.

Nimeyaacha mazito mwisho kwa makusudi. Kuna fangasi mwingine wa jamii ya hamira, Cryptococcus neoformans, anayekaa kwenye udongo na kwenye vinyesi vya njiwa. Tunamvuta kwa pumzi na wengi wetu hatumjui. Kwa mtu ambaye VVU vimemshushia kinga chini sana, anapanda hadi kwenye utando wa ubongo. Dalili inaanza kama kichwa kinachouma, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtu anasema ni malaria, au typhoid, ugonjwa ambao mtaani hauishi. Anapewa dawa ya malaria, kisha antibayotiki, kisha antibayotiki kali zaidi, na kila siku ya antibayotiki ni siku ambayo fangasi amepewa bure.

Dar es Salaam ina ushahidi wake katika hili. Kwenye jaribio la REMSTART, lililofanyika hapa na Lusaka na kuchapishwa mwaka 2015, Sayoki Mfinanga na wenzake waliwafuatilia watu 1,999 walioanza dawa za VVU wakiwa wamechelewa sana. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu walipimwa pia damu kutafuta dalili za Cryptococcus, wakatembelewa nyumbani wiki za mwanzo na watu waliofundishwa kazi hiyo. Ndani ya mwaka mmoja walikufa asilimia 18 kwenye kundi la kwanza, na asilimia 13 kwenye la pili.

Mwaka 2018 yakachapishwa matokeo ya jaribio la ACTA, la wagonjwa 721 wa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na Cryptococcus, nchini Malawi, Zambia, Kameruni na Tanzania. Swali mojawapo lilikuwa ni dawa gani iambatanishwe na amfoterisini, flukonazoli au flusitosini. Flusitosini ni dawa ya ajabu, na ni mojawapo ya chache zinazokaribia kuingia kwenye karakana ya protini ya fangasi. Inapita mlangoni kama chakula. Ndani ya fangasi kuna kimeng'enya, ambacho seli zetu hazina, kinachoigeuza kuwa herufi ya bandia. Herufi hiyo inaingizwa kwenye RNA, nakala zinaharibika, protini zinatoka mbovu, na DNA nayo inashindwa kujinakili. Waliopewa amfoterisini na flukonazoli, hadi wiki ya 10 walikuwa wamekufa asilimia 45. Waliopewa amfoterisini na flusitosini, asilimia 31. Watu 14 zaidi katika kila 100 wakiwa hai, kwa kuwa kuna aliyejua kimeng'enya gani fangasi anacho na sisi hatuna. Rangi mbili hazikuwa hata kwenye orodha ya kujaribiwa.